Mfupa Si Kuni

Mwaka jana shosho wangu alianguka nje ya jikoni akavunjika mkono. Mkono, si mguu, naomba mkumbuke hilo. Tukampeleka hospitali, akafungwa plasta, na mhudumu mmoja hapo akatuambia maneno ambayo familia nzima iliyameza bila kutafuna: "Mifupa ya umri huu ni kama kuni kavu. Akae tu."

Basi tukamkalisha. Kiti kwa veranda, blanketi, chai, redio. Akijaribu kuinuka watu watatu wanaruka, "Shosho kaa, tutakuletea." Plasta ilipotolewa mkono ulikuwa umeshika vizuri kabisa. Lakini shosho sasa hangeweza kutoka kwa kiti hadi mlangoni bila kushikwa. Mkono uliovunjika ulipona. Miguu ambayo haikuwa na shida yoyote ndiyo ilikataa kazi.

Hiyo "kuni kavu" imenikaa kichwani tangu siku hiyo. Simlaumu sana yule mhudumu, kwa sababu nilipoanza kusoma niligundua si yeye aliyeianzisha. Watu wenye akili kuliko mimi na wewe, wenye hadubini mkononi, waliangalia ndani ya mfupa kwa zaidi ya miaka 150 wakaona kitu kisicho na uhai. Na sababu iliyowafanya wakosee ni rahisi hadi inachekesha: mfupa waliokuwa wanauangalia ulikuwa umekufa kweli.

Post ya leo ni ndefu kidogo. Weka maji ya chai kwanza.

Kama ulisomea Kenya, seli yako ya kwanza ilikuwa ya kitunguu. Unabandua ngozi ile nyembamba, unaweka tone la ayodini, unafunga jicho moja, na kama hadubini ya shule ilikuwa na kioo kizima unaona vyumba vimepangwa kama matofali. Mfupa hatukuwahi kuuona hivyo. Mfupa ulikuwa kile kiunzi cha plastiki kwenye kona ya maabara, kimevishwa kofia na kidato cha nne. Tukafundishwa kazi zake: kushikilia mwili, kukinga viungo, kusaidia mwendo. Kazi za nguzo na ukuta, yaani. Nani anauliza kama nguzo inakula?

Antonie van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa nguo kule Delft, Uholanzi, na alijitengenezea vioo vyake mwenyewe. Katika miaka ya 1670 aliwaandikia barua Royal Society ya London kuhusu meno na mifupa, akaeleza mirija midogo sana aliyoiona ndani. Halafu daktari Mwingereza, Clopton Havers, akachapisha kitabu chake kuhusu mifupa mwaka 1691, na hiyo mirija inayopita kwa urefu wa mfupa ikabaki na jina lake hadi leo. Kila mwanafunzi wa udaktari anakariri mifereji ya Havers. Lakini Havers mwenyewe alidhani mifereji hiyo inapitisha mafuta ya uboho, ili mfupa usikauke ukavunjika ovyo. Kama vile fundi anavyopaka mlango mafuta. Kumbe humo ndimo damu inamopita. Aliona barabara, hakuona magari, kwa sababu magari yalikuwa yameshaondoka mnyama alipochinjwa.

Dalili ya kwanza kubwa kwamba mfupa unaishi haikutoka kwa hadubini. Ilitoka kwa sahani ya nyama.

John Belchier alikuwa daktari mpasuaji katika hospitali ya Guy's, London. Siku moja alialikwa chakula na jamaa aliyekuwa na kazi ya kuchapisha nguo za rangi. Ikaletwa nyama ya nguruwe, na Belchier akaona mifupa yake ni myekundu. Si damu, mfupa wenyewe ni mwekundu. Akauliza. Kumbe wale nguruwe walikuwa wanalishwa pumba zilizotumika kusafishia nguo zilizotiwa rangi, na rangi yenyewe ilitoka kwa mizizi ya mmea unaoitwa rubia. Nyama ilikuwa ya kawaida, mifupa tu ndiyo imebadilika. Belchier akaenda akajaribu kumlisha jogoo hiyo mizizi, na mifupa ya jogoo nayo ikawa myekundu. Akaandika ripoti yake mwaka 1736.

Sasa fikiria hiyo kidogo. Ukimwaga juisi ya bitiruti kwa kuni, inapaka juu. Lakini ukimlisha mnyama rangi na ikaishia ndani ya mfupa wake, maana yake kuna kitu kinabeba vitu kutoka tumboni hadi mfupani na kuvijenga humo. Mfupa unakula!

Mfaransa mmoja, Henri-Louis Duhamel du Monceau, aliisoma hiyo habari akawaka. Huyu alikuwa mtu wa miti na mimea, na nafikiri ndiyo sababu aliona kile madaktari hawakukiona. Akawa analisha wanyama rangi kwa muda, anaacha, anarudia. Alipokata mifupa yao akakuta tabaka jekundu, tabaka jeupe, tabaka jekundu. Kila kipindi cha chakula kimeandikwa. Akasema mfupa unakua kama mti, na ile ngozi nyembamba inayoufunika ni kama ganda la mti linalozalisha tabaka jipya. Kwa hivyo mwaka 1740 na kitu tayari kuna mtu alikuwa amesema: mti, si kuni.

Duhamel pia alifunga pete ya waya wa fedha kwenye mfupa wa mnyama mchanga, na baadaye akaikuta pete iko ndani, upande wa uboho. Yeye alidhani mfupa umetanuka ukaipita. John Hunter, daktari mpasuaji Mskoti aliyekuwa London, akaja na jibu bora: mfupa unajengwa kwa nje na kubomolewa kwa ndani, wakati mmoja. Hilo neno kubomolewa ndilo la maana, na watu walichelewa sana kulikubali. (Huyu Hunter ndiye pia aliyepata kwa ujanja mwili wa Charles Byrne, kijana mrefu kupita kiasi kutoka Ireland aliyekufa 1783 baada ya kuomba azikwe baharini asikatwe na madaktari. Mifupa yake ilianikwa kwenye jumba la makumbusho zaidi ya miaka 200, na ni 2023 tu walitangaza haitaonyeshwa tena. Ninamheshimu Hunter kwa kazi yake ya nguruwe. Kwa hiyo nyingine hapana.)

Sasa tufike kwa vidoti, ambavyo ndivyo vilinifanya niandike hii post.

Katika miaka ya 1830 hadubini zilikuwa zimeboreka sana. Ili kuangalia mfupa unaukata kwa msumeno, unausaga kwa jiwe hadi uwe mwembamba kama karatasi na mwanga upite. Mwaka 1834 huko Breslau, mwanafunzi wa Purkinje aliyeitwa Carl Deutsch aliandika kuhusu alichokiona humo: tabaka zimezungukana kama vitunguu kuzunguka ile mifereji ya Havers, na katikati ya tabaka, vidoti. Maelfu ya vidoti vyeusi vya umbo la mbegu. Ukikazia macho, kila kidoti kina nyuzi nyembamba zinatoka pande zote kama miguu ya buibui, na zinaenda kukutana na nyuzi za vidoti jirani.

Vidoti ni nini? Johannes Müller wa Berlin, mmoja wa wakubwa kabisa wa wakati huo, alisema ni vijifuko na mirija ya chokaa. Inaeleweka. Mfupa una chokaa nyingi, kwa hivyo kijifuko kilichoko ndani ya mfupa lazima ni stoo ya chokaa, si ndiyo? Lakini wapi. Mfupa ukikaushwa na kusagwa, kila kilichokuwa hai ndani kinapotea. Kinachobaki ni shimo lililojaa hewa, na hewa ndani ya mfupa mwembamba inaonekana nyeusi mwanga ukipita. Walikuwa wanatazama nyumba ambazo wenyewe wamehama, halafu wanaandika kwamba hizi ni stoo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1850 mwanafunzi wa Müller huyohuyo, Rudolf Virchow, ndiye aliyesema hapana, kila kidoti ni makao ya seli moja, na zile nyuzi ni mikono ya seli. Leo zinaitwa osteosaiti. Mtu mzima ana kama bilioni 42, na ni zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa. Zimezikwa hai kwenye ukuta walioujenga wenyewe, zinashikana mikono gizani na kupitishiana chakula kutoka kwa mfereji wenye damu.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Mwaka 1853 John Tomes, daktari wa meno, na mwenzake Campbell De Morgan walionyesha London kwamba hata mtu aliyemaliza kukua anaendelea kubomolewa mfupa kidogokidogo na kujazwa upya. Mwaka 1864 Carl Gegenbaur akazipa jina seli zinazojenga: osteoblasti. Mwaka 1873 Albert Kölliker akazipa jina zile kubwa zenye viini vingi zinazokula mfupa: osteoklasti. Mashimo zinayoacha yalikuwa yameshaonekana mwanzoni mwa hiyo karne na John Howship, ila hakujua nani anayachimba. Ukitaka kuelewa timu yote, fikiria barabara ya mtaani: kikosi kimoja kinakwangua lami mbovu kwa wiki chache, kingine kinakuja nyuma kinajaza kwa miezi mitatu au zaidi. Tofauti na barabara zetu ni kwamba hapa kazi inaendelea hata kama hakuna uchaguzi. Karibu asilimia 10 ya mifupa yako inabadilishwa kila mwaka. Shosho ana miaka 78, lakini mfupa mwingi aliouvunja haukuwa na umri huo hata kidogo.

Wakati huohuo injinia Karl Culmann, wa Zürich, aliona michoro ya ndani ya kichwa cha mfupa wa paja. Ukitaka kuona anachozungumzia, nenda buchari uombe mfupa wa supu uliokatwa: mwishoni kuna kama sponji. Culmann akashtuka, kwa sababu vijiti vya ile sponji vilikuwa vimepangwa kwa mistari ileile ambayo yeye huchora akipiga hesabu za kreni ya kuinua mizigo. Mwaka 1892 Julius Wolff wa Berlin akaifanya kuwa kanuni: mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaoubeba. Ukibebeshwa, unajengwa pale panapohitajika. Usipobebeshwa, unabomolewa. Wanaanga wakiwa huko juu, wasipokuwa na uzito wa kubeba, wamekuwa wakipoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi.

Soma hiyo tena, halafu ufikirie kiti cha veranda na blanketi.

Virchow, kwa ubora wake wote, alikosea vibaya mahali pengine. Mwaka 1872 aliangalia mifupa ya Neanderthal akasema huyu si binadamu wa kale, ni mtu wa kawaida aliyekuwa mgonjwa. Naitaja kwa sababu karne moja baadaye swali hilohilo, ugonjwa au umbile, lilikuja kwetu hapa, na safari hii hadubini ililijibu vizuri zaidi.

Mwaka 1973, Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona vipande vya mifupa juu ya ardhi. Kamoya mnamjua, au mnapaswa kumjua: mzaliwa wa Makueni, mtu ambaye jicho lake lilipata mabaki mengi ya binadamu wa kale kuliko karibu mtu yeyote, na miaka 11 baadaye akampata yule kijana wa Nariokotome. Hayo mabaki ya 1973 yaliandikishwa kama KNM-ER 1808. Ni ya mwanamke, Homo erectus, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Lakini mifupa yake ya miguu na mikono ilikuwa na sura ya ajabu, imevimba kwa nje.

Wakakata kipande wakakisaga kikawa chembamba, mtindo uleule wa miaka ya 1830. Ndani kulikuwa na mfupa wa kawaida, tabaka zake na mifereji yake, vidoti mahali pake. Nje yake kulikuwa na tabaka nene la mfupa uliojengwa kwa haraka bila mpangilio, kama mabanda yaliyosukwa usiku mmoja. Mwaka 1982 Alan Walker na wenzake, Richard Leakey akiwa mmoja wao, waliandika kwamba huenda ni sumu ya vitamini A, pengine kwa kula ini la mnyama mla nyama. Wengine baadaye wakasema ni mabuu ya nyuki, wengine wakasema ni ugonjwa wa buba. Bado wanabishana. Lakini kitu kimoja kinafahamika kutoka kwa hilo tabaka: mfupa wa namna hiyo haujengwi kwa siku mbili. Unahitaji wiki nyingi, pengine miezi. Huyu mama alikuwa mgonjwa, na maumivu labda ya kutisha, kwenye nchi yenye fisi na simba, na hakufa mara moja. Walker alisema kuna mtu aliyekuwa akimletea maji na chakula.

Ushahidi wa hayo yote ni seli zilizokuwa kazini. Mfupa uliokufa haukuandiki chochote. Ni uliokuwa hai ndio uliandika.

Na unaandika hata pombe. Katika karne ya 20 watu waligundua kwamba dawa ya tetrasaiklini hufanya kazi kama ile rubia ya Belchier: hunasa kwenye mfupa unaojengwa siku hiyo, na chini ya mwanga wa urujuanimno inang'aa rangi ya manjano. Daktari Mmarekani Harold Frost aliitumia kupima mfupa wa binadamu unajengwa kwa kasi gani. Halafu mwaka 1980 ikatangazwa kwamba mifupa ya watu wa Nubia ya kale, huko Sudan, ya miaka kama 350 baada ya Kristo, inang'aa vilevile. Tetrasaiklini miaka 1,600 kabla ya chemisti! Maelezo yanayokubalika ni pombe yao ya nafaka: bakteria wa udongo wanaotengeneza hiyo dawa walikuwa ndani ya nafaka iliyochachushwa. Walikuwa wanakunywa antibiotiki kwa kata, na mfupa ukaweka kumbukumbu.

Turudi kwa vidoti, kwa sababu hata baada ya Virchow kuvipa uhai watu walivipuuza. Walijua kuna wajenzi na wabomoaji, hawa osteosaiti wakaonekana kama wazee waliostaafu, wamekaa tu. Jibu lilitoka Afrika Kusini. Kuna familia za Makaburu zenye ugonjwa adimu ambapo mfupa unaongezeka bila kikomo, fuvu linakuwa nene hadi kubana neva na ubongo, na baadhi huzaliwa na vidole vilivyoshikana. Mwaka 2001 jeni yenye hitilafu ikapatikana. Jeni hiyo hutengeneza protini inayowaambia wajenzi wapunguze kazi. Miaka michache baadaye ikajulikana ni seli zipi zinaitoa: ni hizohizo zilizozikwa ndani ya vidoti. Mfupa ukibebeshwa mzigo, zinahisi, zinapunguza hiyo protini, ujenzi unaendelea. Mtu akikaa kitako wiki baada ya wiki, zinaiongeza, ujenzi unasimama.

Yaani vile vijifuko vya chokaa vya Müller ndivyo wasimamizi wa saiti. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya kuizuia hiyo protini, kwa wanawake waliomaliza hedhi na walio katika hatari kubwa ya kuvunjika, kwa sababu umri huo ndio wabomoaji huwashinda wajenzi mbio. Si dawa utakayoikuta kwa chemisti ya mtaani, na hapo nina hasira yangu nyingine ya siku nyingine.

Kwa hivyo ndiyo, mifupa ya shosho imepungua. Hakuna aliyedanganya kuhusu hilo. Lakini mfupa uliopungua na kuni ni vitu viwili tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo ilikuwa kati yake na mlango.

Dada wa fisio aliyemwona baadaye hakutaja Wolff wala Virchow. Alimwambia tu, "Cucu, simama. Sasa kaa. Simama tena." Mara tano, asubuhi na jioni, halafu mara kumi. Mwezi wa pili akafika kwa geti. Sasa anaenda na fimbo hadi kwa jirani, pale juu ya kilima, na anarudi akilalamika kuhusu njia, mbwa na bei ya sukari.

Juzi aliniuliza naandika nini siku zote kwa hiyo simu. Nikamweleza kuhusu vidoti, vile viko bilioni 42 na vinashikana mikono. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Na wewe," akasema, "vyako vinajua unalala hadi saa nne?"